Kabla Hujapaka Chochote: Ngozi ya Mgeni Newala na Masasi

Watu wanaohamia Newala huja wamejiandaa kwa malaria. Chandarua wamefunga, dawa wamebeba, na aliyewatangulia ameshawaonya kuhusu maji. Ngozi hawaikumbuki mpaka ianze kuwasha. Ikishaanza, kila mtu anageuka daktari: mwenye nyumba ana mafuta yake, jirani ana majani yake, muuza duka ana tyubu yake, na simu ina majibu mia. Mgonjwa anapofika hospitali, ngozi imeshapakwa vitu vinne na hakuna ajuaye ugonjwa wenyewe ulianza na sura gani.

Nawaandikia wageni hao, wawe wametoka Nairobi, Bujumbura, Bremen au Pemba (ile ya Msumbiji, si ya karafuu), wanaoishi Mkunya, Newala mjini, Kitangari au Masasi, pamoja na wenyeji wanaowapokea. Jambo ninalolishikilia kuliko yote nalisema mapema: usipake chochote kabla hujaonwa. Tabibu wa ngozi anatibu kwa macho. Kipimo chake cha kwanza ni kutazama, cha pili ni kugusa, cha tatu ni maelezo yako. Ukishaibadilisha sura ya ugonjwa, umemnyang'anya vipimo viwili kati ya hivyo vitatu.

Chukua choa, fangasi wa kawaida kabisa. Akiwa hajaguswa ni duara lenye ukingo ulioinuka, wenye magamba madogo, na katikati pameanza kupona. Mtu mwenye uzoefu anamtambua akiwa bado amesimama mlangoni. Sasa mpake tyubu zile zenye dawa tatu kwa mpigo: ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi. Siku ya pili mwasho umekata, unamshukuru muuza duka. Kilichotulia ni ngozi, ambayo imekatazwa kupambana. Fangasi mwenyewe anaendelea kutambaa chini kwa chini. Ukingo unafutika, duara linavunjika, na ukiacha kupaka unarudi mwasho mkali kuliko wa mwanzo. Hapo hata mtaalamu hana budi kukwangua magamba na kuyapeleka kwenye darubini ili ajue kitu ambacho wiki tatu nyuma kingejulikana kwa jicho.

Basi kabla hujafungua tyubu yoyote, soma jina dogo lililoandikwa chini ya lile kubwa. Ukiona clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi, na clobetasol ni katika zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Zina kazi yake na madaktari wanaziandika kila siku, kwa sehemu maalumu na kwa siku za kuhesabu. Ukizifanya mafuta ya kila asubuhi usoni zinakondesha ngozi, zinaleta chunusi, na mapajani au kwapani zinaacha michirizi isiyofutika. Mkorogo nao usiuchezee. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, lakini kopo lisilo na maandishi halisomi sheria. Mgeni ndiye hudanganyika kirahisi zaidi, kwa kuwa hajui kopo lipi linatoka kiwandani na lipi limekorogwa nyuma ya duka.

Ikiwa umeshapaka, usione haya. Beba kopo lenyewe, tyubu yenyewe, hata ikiwa tupu. Majani ya mganga nayo yataje, na chale ulizochanjwa zionyeshe. Watumishi wa hospitali za huku wamezaliwa katika jamii hizihizi na hawatashangaa. Wanachohitaji ni kujua kipi ni ugonjwa na kipi ni jeraha la dawa.

Kitu kingine kinachosaidia kuliko watu wanavyodhani ni picha. Siku ya kwanza unapoona kitu kipya, piga picha mchana karibu na dirisha: moja ya karibu, ukiweka sarafu ya shilingi 100 pembeni ili ukubwa ujulikane, na nyingine ya mbali ili ijulikane ni mkono au mgongo. Mtu akikuona wiki mbili baadaye, picha ile itamwambia mengi ambayo wewe umeshayasahau.

Sasa, uende wapi? Mlolongo wa Tanzania unaanzia zahanati, unapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, hadi ya taifa. Kwa mkazi wa Mkunya, hospitali iliyo karibu ni ya Newala. Aliye upande wa Masasi ana Mkomaindo. Ukiteremka kutoka Uwanda wa Makonde na kushika barabara ya Masasi kwenda Mingoyo, kama kilomita 40 hivi kutoka Masasi, unafika Ndanda, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto iliyoanzishwa na Wabenedikto, ambao walijenga kituo chao hapo mwaka 1906. Mtwara kuna Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, na siku hizi kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini eneo la Mitengo. Kabla hujapanda basi, piga simu uulize swali moja: kliniki ya ngozi ni siku gani? Katika hospitali nyingi za mikoani kliniki za namna hii zina siku zake, na aliyekuja siku isiyo yake huonwa na wa zamu, kisha huambiwa arudi.

Mabingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Hilo lisikukatishe tamaa, na hapa Tanzania ina jambo la kujivunia. Mwaka 1992, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilianzishwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ukanda huu wa Afrika. Fikra iliyokianzisha ilikuwa rahisi: kwa kuwa mabingwa hawatatosha kwa miaka mingi ijayo, wafundishwe maafisa tabibu na watumishi wa ngazi ya kati walio tayari vijijini, wakae Moshi miaka miwili, warudi kwao wakiijua ngozi. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo anayekuona anaweza asiitwe bingwa, lakini ameona upele, ukurutu na ukoma mwingi kuliko profesa wa ng'ambo. Mgeni anayekataa kuonwa na afisa tabibu aliyesomea ngozi, akisubiri bingwa wa Dar es Salaam, anajichelewesha mwenyewe.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1935 alifika huku daktari kijana Mwingereza, Leader Stirling, akafanya kazi katika misheni ya Lulindi, Masasi. Baadaye akawa raia, na katika miaka ya 1970 akawa waziri wa afya wa Tanzania. Wakati ule mgeni ndiye aliyekaa nyuma ya meza na mwenyeji ndiye aliyekaa kwenye benchi. Leo mgeni yuko kwenye benchi na daktari ni mtoto wa Kitangari au wa Songea. Nataja hili kwa sababu bado wapo wageni wanaoingia hospitali wakitarajia kupitishwa mbele ya foleni. Wengine hupitishwa kweli, kwa ukarimu, na hawajui kwamba mama mwenye mtoto aliyewapisha ametembea tangu alfajiri. Ukiambiwa "karibu mbele" na huna dharura, kataa kwa upole.

Mlangoni usishtuke ukikuta kibao kimeandikwa ngozi na magonjwa ya zinaa pamoja. Hivyo ndivyo fani hii inavyofundishwa, kwa kuwa magonjwa mengi ya zinaa hujionyesha kwenye ngozi. Ukikutana hapo na mwalimu mwenzako au mteja wako, hakuna mwenye haki ya kukisia aliyekuja na nini. Wala usikisie ya mwenzako.

Fika mapema. Kwa mgeni ambaye Kiswahili bado ni kipya, mwenyeji amwandikie saa kwa namna zote mbili, maana saa mbili asubuhi ya Newala ni saa nane ya tiketi ya ndege, na wapo waliofika kliniki ikiwa imefungwa. Chukua kitambulisho: pasipoti au kibali cha ukaazi, nakala inatosha mara nyingi. Dirishani utaulizwa jina, umri, kijiji au mtaa, simu, na jina la ndugu wa karibu. Ikiwa ndugu zako wako mbali, taja mwenye nyumba wako au mwajiri, baada ya kumwomba ruhusa. Uliza mapema ikiwa asiye raia anatozwa bei tofauti. Katika hospitali za serikali utapewa namba ya malipo, utalipia kwa simu au benki. Usimpe mtu fedha mkononi kwa kuwa foleni ni ndefu. Risiti itunze. Mwenye bima ya nchini kwake aombe pia maandishi yenye jina la ugonjwa, tarehe na muhuri. Hayo hayana shida, kwa kuwa majalada ya hospitali Tanzania huandikwa Kiingereza.

Vaa nguo nyepesi kuvua. Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, na anayekwambia "nionyeshe mgongo na miguu" wakati wewe umekuja na kidole anafanya kazi yake vizuri: upele huonekana katikati ya vidole, lakini hujithibitisha kiunoni na makalioni. Chukua kanga au kitenge cha kujifunika. Chumbani kunaweza kuwa na wanafunzi, au mgonjwa mwingine nyuma ya pazia. Una haki ya kuomba faragha, na mwanamke ana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo. Omba kwa lugha ya heshima, "samahani dada, naomba nionwe faraghani," baada ya salamu. Salamu huku hairukwi. Mkubwa kwako unampa shikamoo yake, awe daktari au mzee anayefagia ukumbi, kisha ndipo shida.

Maelezo yako yawe mafupi na yawe ya kweli. Ilianza lini, ilianzia wapi, ilisambaa vipi. Inawasha au inauma? Usiku inazidi? Nyumbani nani mwingine anajikuna? Umekula dawa gani mwezi uliopita, pamoja na za kinga ya malaria? Unafanya kazi gani, na shamba gani uko karibu nalo? Swali hili la mwisho wageni hulipuuza, na kwa Umakondeni ndilo lenye majibu mengi.

Kwanza, korosho. Huku ndiko nchi ya korosho, na kuanzia mwezi wa kumi mzigo unaanza kujaa maghalani. Punje uliyokaangiwa haina shida. Shida iko kwenye ganda, ambalo ndani yake lina mafuta mazito, meusi, yanayounguza. Wanaobangua kwa mkono wanaijua vidoleni: ngozi inageuka nyeusi, inababuka, inachubuka. Mgeni hujiunguza kwa udadisi. Anaokota korosho mbichi chini ya mti, anaitafuna apasue ganda, na kesho yake mdomo umevimba. Au anachoma korosho na watoto nyuma ya nyumba, moshi unampiga usoni, macho yanafumba. Mkorosho ni wa familia moja ya mimea na mwembe, na pia na ule mmea mtambazi wa Marekani uitwao poison ivy unaowababua watu wa huko. Mafuta yao yanafanana kiasi kwamba Mmarekani aliyewahi kubabuka na ule wa kwao anaweza kubabuka vibaya sana kwa ganda la korosho alilogusa mara ya kwanza maishani. Akifika kliniki aseme hilo. Ukigusa mafuta hayo, nawa mara moja kwa sabuni, na usijiguse macho wala sehemu za siri kabla hujanawa.

Pili, salfa. Kuanzia mwezi wa sita wakulima hupulizia mikorosho unga wa salfa kupambana na ubwiri unga, na asubuhi yenye utulivu vumbi lake la njano huelea mpaka barabarani. Linawasha macho, linakausha ngozi, na mwenye pumu linambana. Ukiishi karibu na mashamba, funga madirisha asubuhi hizo na usianike nguo. Halafu kuna mkanganyiko unaoweza kumdhuru mtu: salfa ya mikorosho si ile inayosemwa mtu anaposema ana aleji ya salfa, yaani dawa kama Septrin. Hivi ni vitu viwili. Mwambie daktari jina kamili la kilichokudhuru, asije akakunyima dawa unayohitaji, au akakupa ile itakayokuangusha.

Yapo mengine ya msimu na ya vichaka, nayapitia haraka. Upupu unaota kwenye vichaka na manyoya yake yakikugusa utajuta. Usisugue, badili nguo, nawa. Mvua zikianza, usiku taa huleta mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye Nairobi wamempa jina la mji wao. Hang'ati, ila ukimponda juu ya ngozi maji yake yanababua, kwa hiyo mpulize aende. Funza hupenda mchanga mkavu. Aliyekwisha ingia kidoleni atolewe na mwenye mkono mzoefu kwa sindano safi, na wewe uhakikishe chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Nzi anayetaga kwenye nguo mbichi hutibiwa kwa pasi: piga pasi kila kitu kilichoanikwa nje, hasa mshono wa kiuno na nguo za mtoto mchanga. Jipu lenye kitundu katikati, ambalo unahisi kitu kinacheza ndani, usilikamue. Lipake mafuta mazito ya mgando yazibe hewa, mdudu atatokeza mwenyewe. Hapo, na hapo tu, nimekuruhusu upake kitu.

Upele unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu ndio mgeni hupata, huona aibu, na hutibiwa nusu. Uwanda wa Makonde uko juu na ni mkavu. Maji ya juu ya ardhi hakuna, watu wameyafuata mabondeni vizazi na vizazi, na hata leo bomba likikatika maji hununuliwa kwa dumu. Mtu asikudanganye kwamba upele ni ugonjwa wa wachafu, kwa kuwa unaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, hata na aliyeoga mara tatu. Ila pasipo maji ya kutosha kufua na kuosha, nyumba nzima huwa ngumu kutibu kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto mwaka 2017.

Dawa inayotolewa sana ni BBE, ile ya maji meupe kama maziwa. Inapakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, kitovuni, sehemu za siri, chini ya kucha, si pale panapowasha tu. Inachoma kidogo. Watoto hupewa iliyochanganywa na maji kwa kipimo, usiwapake ya wakubwa. Jambo ambalo watu hushindwa ni hili: wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe siku moja, pamoja na yule asiyejikuna na binti wa kazi. Ukitibiwa peke yako utaambukizwa tena wiki hiyohiyo. Kuhusu nguo na mashuka, kama maji hayatoshi, yafunge kwenye mfuko wa plastiki kwa siku tatu au nne. Kijidudu cha upele hakiishi muda huo kikiwa mbali na mwili. Na baada ya kupona, mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne, kwa sababu mabaki ya wadudu bado yako ndani ya ngozi. Watu wengi hapa hudhani dawa imeshindwa, wanapaka tena na tena, mpaka dawa yenyewe ndiyo inayowababua. Ulizia tarehe ya kurudi, subiri.

Jua la Newala nalo linadanganya. Mji uko juu, upepo unavuma, mwezi wa sita na wa saba watu wanavaa masweta, na mtu mweupe anasimama saa nzima ukingoni Shimo la Mungu akilitazama bonde la Ruvuma bila kuhisi kwamba anaungua. Akiwa anameza doksisaiklini kujikinga na malaria, anaungua mara mbili, kwa kuwa dawa hiyo huifanya ngozi isistahimili jua. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua uje nayo au ununue Dar es Salaam. Huko Moshi, KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao saratani ya ngozi ni hatari ya kila siku. Ukiyakuta kliniki, usiyaombe, hata kwa kulipia. Wewe una njia nyingine. Yule mtoto aliyekaa nyuma yako kwenye benchi hana.

Kuna mambo mawili ambayo tabibu anaweza kuyafanya, na mgeni akayachukulia vibaya. Anaweza kukuomba upime VVU. Mkanda wa jeshi kwa kijana, fangasi wasioisha, vipele visivyoeleweka, vyote humfanya aulize, na huwauliza wenyeji vilevile. Una haki ya kuelezwa na kukubali au kukataa, lakini ningekuwa wewe ningepima. La pili, ukiwa na baka lililopauka, anaweza kukuambia ufumbe macho, akuguseguse kwa kipande cha pamba, na kukuuliza ni wapi umeguswa. Anatafuta ukoma. Ugonjwa huo bado upo Tanzania, mikoa ya kusini ikiwamo, na huchukua miaka, mara nyingi kama mitano, kabla ya kujitokeza. Ndiyo maana aliyekaa huku muda mrefu kisha akarudi kwao anapaswa kumwambia daktari wa huko alikokuwa akiishi. Dawa ni bure, hutolewa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na mgonjwa akishaanza huacha kuambukiza mapema. Kwa ndugu zetu Wamakonde wa Msumbiji, waliovuka Ruvuma kwa ndoa, kwa biashara, au kwa kukimbia machafuko ya Cabo Delgado yaliyoanza 2017: msikatishe dozi kwa kuhama. Beba kadi yako hata ikiwa ya Kireno. Majina ya dawa husomeka yaleyale, na mtu wa kukutafsiria mengine hakosekani Newala.

Dawa ukiandikiwa, maelezo huwa mafupi: 1x3 maana yake kimoja mara tatu kwa siku, 2x2 viwili mara mbili. Ya kupaka uliza kiasi, kwa sababu "paka kidogo" ya mtu mmoja ni robo ya tyubu ya mwingine. Uliza pia matokeo yanayotarajiwa na lini. Mba wa kifuani na mgongoni hufa kwa wiki chache, lakini rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi sawasawa. Asiyeambiwa hivyo hununua dawa nyingine tano bure. Ikikosekana hospitalini, utaelekezwa duka la dawa muhimu, yale maduka yenye kibali ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma 2003. Muuzaji akikushauri nyingine "iliyo sawa na hii", mwombe aandike jina lake, umpigie tabibu kwanza.

Neno kwa mtoto wa Newala aliyeko ng'ambo, ambaye mgeni ni yeye. Huko Uingereza utaanza kwa daktari wa kawaida, naye ndiye atakayekupa rufaa; vitabu alivyosomea vilijaa picha za ngozi nyeupe. Mwaka 2020 Malone Mukwende, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari London na mzaliwa wa Zimbabwe, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu Mind the Gap kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi. Kwetu wekundu hauonekani kuwa wekundu. Huwa zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Mwambie daktari: hapa pamebadilika rangi, na rangi yangu ya kawaida ni hii. Mwonyeshe upande wa pili wa mwili alinganishe.

Na kwa wote, wa huku na wa huko. Mambo mengi ya ngozi yanaweza kusubiri siku ya kliniki, lakini moja halisubiri. Ukimeza dawa mpya, na baada ya siku au wiki chache ngozi ikaanza kuuma na kuchubuka, macho yakawa mekundu, vidonda vikatoka mdomoni au sehemu za siri, pamoja na homa, acha dawa hiyo na uende hospitali usiku huohuo, iwe Newala, Mkomaindo au Ndanda. Usipake kitu njiani, na pakiti ya dawa uishike mkononi.